Neno la Kweli la Emérite

Tangu Jumatano ile ya Septemba 2017 Emérite hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anafungua friji, hachukui hata nyanya, anaifunga, anakwenda dirishani kutazama chini Joubert Park kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kupita. Binti yake Kelly, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg na ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, na ni kweli hakuwa anaumwa. Aliyemkosesha raha ni tajiri yake, Mama Kagan, tena kwa kumwomba radhi.

Emérite ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na aliingia Afrika Kusini mwaka 2006 akiwa na begi moja na vidole vyake. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha. Siku nne za wiki alisuka nywele katika saluni ya ghorofani, karibu na Park Station. Jumatano na Ijumaa alipanda kwenda kaskazini ya jiji, mitaa ya Wayahudi, kwa Mama Kagan, mjane wa miaka sabini na kitu aliyekuwa na karakana ya mawigi nyuma ya nyumba yake. Wanawake wa Kiyahudi wanaoishika dini yao, wakishaolewa, hufunika nywele zao, na wengi huzifunika kwa wigi. Basi mawigi hayo huoshwa, huviringishwa rola, hukaushwa na kuchanwa. Emérite aliyaosha kwa upole ambao Kelly hakuwahi kuuona siku ya kuoshwa kichwa.

Sehemu hizo mbili za kazi hazikufanana hata kidogo. Saluni ya mjini ilikuwa redio. Mikono ya msusi ikishughulika saa sita kwenye kichwa kimoja, mdomo nao hudai kazi, na wa Emérite haukuwahi kukaa bure. Nisimsingizie: hakuwa mtu wa roho mbaya. Ila alipenda kuwa yeye ndiye anayejua, na yule mteja akishtuka na kusema "Eeh, kumbe!" Emérite alisikia raha mpaka kwenye nyayo.

Kwa Mama Kagan kulikuwa na amri moja: asiyekuwepo hazungumzwi. Mteja akianza tu, "Umesikia yule mke wa…," Mama Kagan huinua kitana juu, na mteja hugeuza habari kuwa ya mvua. Mwezi wake wa kwanza pale Emérite alimuuliza, "Na kama jambo lenyewe ni kweli, Madam?"

"Likiwa uongo hilo ni kosa jingine, lina jina lake," mama yule alijibu. "Mimi nakukataza la kweli."

Emérite alicheka moyoni. Alijiambia hawa watu ni wa ajabu, maana kwao Buyenzi mtu hulaumiwa kwa uongo tu.

Sasa, Jumatano hiyo. Wayahudi walikuwa wameshaanza mwaka wao mpya, na siku chache mbele ilikuwapo Siku ya Upatanisho, ambayo wao hufunga, hawali wala hawanywi, wakashinda sinagogi. Mama Kagan aliingia karakanani, akavua aproni, akasimama mbele ya mfanyakazi wake akiwa amenyooka.

"Emérite, mwezi wa sita nilimwambia mteja kwamba wewe ndiye uliyemuunguzia wigi. Sikuwa na hakika, nilisema tu ili nijiokoe mimi. Naomba unisamehe."

"Aa, Madam, si kitu."

"Usiniambie si kitu. Kingekuwa si kitu ningekuwa nalala. Sema umenisamehe, au sema hujanisamehe. Ukikataa nitarudi kukuomba tena, na tena. Natakiwa nijaribu mara tatu." Akaeleza kwamba siku ile Mungu humsamehe mtu aliyomkosea Yeye. Aliyomkosea mwenzake hayagusi, mpaka kwanza amwendee mwenzake mwenyewe na kumridhisha.

"Nimekusamehe," Emérite alisema, na mikono yake ikaanza kutafuta rola ambayo ilikuwa mbele ya macho yake. Aliona haya, kisha akaona hofu, kwa sababu jina moja lilikuwa limemjia kichwani: Angélique.

Angélique alikuwa fundi wa kushona, Mkongomani wa Uvira, mwimbaji mwenzake wa kwaya na rafiki aliyemwita mdogo wake. Aliwahi kumwambia Emérite siri: yule mtoto wa miaka tisa anayelelewa na mama yake Angélique kule Uvira, ambaye watu huambiwa ni mdogo wake, ni mwanawe wa kumzaa, aliyempata akiwa binti wa miaka kumi na sita. Mwezi wa nne, Angélique akiwa amechumbiwa na Didier, shangazi wa Didier alikuja saluni kusukwa. Shangazi alimsifu mchumba, Emérite naye akamsifu, wakasifu weee, na katikati ya sifa neno likamtoka: jinsi msichana yule alivyo na moyo, anavyomtumia mwanawe nguo kila Krismasi. "Eeh, kumbe!" akasema shangazi. Mwezi wa tano posa ikarudishwa. Kilichomponza Angélique mbele ya wale watu si mtoto. Ni kwamba alimficha.

Baya zaidi, Angélique hakumshuku Emérite. Alimshuku Murielle wa Jeppestown, ambaye waliwahi kupanga chumba kimoja, kwa kuwa naye alikuwa anaijua siri. Alikuja kulia kwa Emérite, akamlaani Murielle mbele yake, na Emérite akampigapiga mgongo akisema, "Pole, mdogo wangu." Alisema pole hiyo miezi minne mfululizo.

Jumatano ile, kabla Mama Kagan hajavaa tena aproni, Emérite alimweleza habari ya "rafiki yangu mmoja" aliyesema jambo la kweli likamharibia mtu, na mtu mwenyewe hajui ni nani aliyesema. Je, rafiki huyo aende akaseme, au atazidi kumtonesha tu?

Mama Kagan alimtazama usoni. "Wanazuoni wetu wamebishana juu ya hilo," alisema. "Wako wanaosema aende. Wako wanaosema asiende kumuumiza mtu ili yeye apate usingizi. Lakini niambie, kuna mtu mwingine anayebeba lawama hiyo?"

"Yupo," Emérite alisema.

"Basi hapo hakuna ubishi," alisema Mama Kagan, akavaa aproni yake.

Alhamisi alitoka saluni, jioni ikapita kwa kufungua friji. Alitunga sentensi, akazifuta. Alijua akienda atampoteza Angélique, na katika mji huu, ambao mtu hufa ghorofa ya sita jirani asijue, hakuwa na ndugu mwingine wa kumwita. Alijiambia angoje Krismasi. Halafu akamkumbuka yule mama mzee aliyevua aproni mbele ya mwosha mawigi, akajichukia.

Ijumaa karakana ilifungwa saa sita mchana kwa ajili ya ile siku yao. Emérite hakurudi nyumbani. Alishuka mpaka Turffontein, akamkuta Angélique kwenye cherehani, nguo ya bibi harusi wa mtu mwingine mapajani.

"Karibu, Mama Kelly! Eish, mbona umepauka hivyo? Kaa."

"Sikai. Nikikaa sitasema." Emérite alishika fremu ya mlango. "Aliyemwambia shangazi wa Didier habari ya mtoto si Murielle. Ni mimi. Nilikuwa ninamsuka. Sikutaka kukuharibia, nilitaka tu kuongea. Halafu nikakuacha umlaumu mwenzako miezi minne. Nimekuja kukuomba unisamehe."

Cherehani ilinyamaza. Angélique aliitazama sindano, kisha akamtazama yeye.

"Weye njo ulisema," alisema polepole. "Weye, ulinishika hapa mugongo nikilia."

"Ndiyo."

Emérite alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Angélique hakutukana. Alifunika uso kwa ile nguo nyeupe, na aliposema sauti ilikuwa ndogo.

"Mungu wangu. Sasa Murielle nilimufanya nini?"

"Ulimfanya nini?"

"Nilimulipiza. Jumapili ya juzi, niliambia wamama wa kanisa anakunywaka vidonge vya ile ugonjwa. Aliniambiaka miye peke yangu, Mama Kelly, tukiwa tunalala kitanda kimoja. Jumapili hii ilipita, alipika mboga ya sombe ya kwaya. Hakuna mutu alikula. Nilimuona akibeba sufuria yake, imejaa, anapanda taxi. Nilifurahi."

Emérite aliiachia fremu ya mlango. Alikuja na kosa moja la kutua, na sasa lilikuwa limezaa. Na hilo la vidonge nalo lilikuwa neno la kweli.

"Nisamehe," alisema tena, kwa kukosa lingine.

"Hapana." Angélique aliiweka nguo mezani, akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu, chini ya cherehani. "Leo hapana. Pengine hata kesho hapana. Lakini kwa Murielle siendi peke yangu."

Walipanda taxi, Angélique kiti cha mbele, Emérite cha nyuma. Jeppestown, mlango wa Murielle ulikuwa umefungwa kwa ndani, mchana kweupe. Angélique aligonga, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani?" sauti iliuliza.

Angélique alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Hatua za Murielle zikaanza kuondoka mlangoni, kurudi ndani.

"Murielle, usiende," Emérite aliita. "Ni Emérite. Niko na Angélique. Fungua, dada, mimi ndiye niliyeanza."