Siku ya Mzee wa Viti
Jumapili kanisa letu la Kibirichia lilimsherehekea mwanajeshi mstaafu ambaye, tangu avue sare, ndiye hupanga viti vya ibada na kuchimba makaburi ya majirani. Walimketisha mbele, wakamvisha blanketi jipya mabegani.

Mheshimiwa, mbunge wetu, akafika amechelewa, na wapambe wake. Viti vilikuwa vimejaa.

"Jamani, nani atatutolea viti stoo?" mwenyekiti wa kamati akauliza.

Mzee alikuwa ameshasimama.

"Mzee, kaa. Leo ni siku yako," tukamwambia.

"Sasa mgeni asimame?"

Mheshimiwa akakalia kiti cha mzee, akapewa maikrofoni. "Watu wa kujitolea kama huyu wako wapi siku hizi?"

Tulipiga makofi, sote tumekaa. Mzee alikuwa stoo, akimtafutia dereva wa mheshimiwa kiti.