Taa za Nyuma za Pikapu ya Papa Kabwe

Siku ya kwanza niliingia garaji nikiwa nimemushika mukono mume wangu Ramazani. Yeye njo alikuwa fundi wa umeme wa magari. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, na shefu wa garaji, Papa Kalunga, alikuwa amemwambia kwamba kama hatofautishi tena waya mwekundu na mweusi, alete muntu wa kuwa macho yake. Basi akanileta mimi. Shule niliacha mapema, na mikono yangu ilijua sufuria na watoto tu. Wafanyakazi walicheka. Papa Kalunga hakucheka. Alinipa kipande cha sandipepa, akanionyesha chuma cha chini ya gari, akasema nikwangue rangi mpaka chuma king'ae kama kijiko.

Hilo njo somo la kwanza, somo la masi. Umeme unatoka kwenye batri kwa waya, unapita kwenye taa, kisha lazima urudi kwao. Njia ya kurudi njo masi, yaani chuma chenyewe cha gari. Ukifunga waya wa masi juu ya rangi ao kutu, taa itasinzia na kuamka, kusinzia na kuamka, kama muntu aliye kwenye matanga siku ya pili.

Garaji yetu ilikuwa karibu na reli, hapa Kalemie, na upepo wa ziwa ulikuwa unaingia mpaka ndani ya kapo za magari, vile vifuniko vya injini. Ramazani alipofariki, nilibaki kwenye kigoda chake. Wateja wakanizoea. Mama Mwamini wa taa, ndivyo walivyoniita.

Halafu vita. Watu wa vijiji vya barabara ya Nyunzu wakaanza kuja Kalemie kwa miguu, na dereva mumoja, Papa Kabwe, mwenye pikapu yake mwenyewe, akawa anaenda kuwachukua. Nyuma alipakia wazee, wagonjwa na watoto. Wenye nguvu walitembea nyuma ya gari, na gari ilifuata mwendo wa miguu yao, gia ya kwanza kilomita kwa kilomita. Giza likianza kuingia walikuwa hawaoni wanapokanyaga. Akaja kwa shefu kuomba taa za nyuma, nyeupe, za kuwamulikia njia.

Zamani tungefunga taa za balbu. Lakini balbu inakula batri, na gari inayotembea polepole hivyo haiwezi kurudishia batri umeme wa kutosha. Kwa bahati taa za ledi zilikuwa zimeanza kuvuka ziwa kutoka Kigoma, zimefungwa ndani ya marobota ya vitenge. Zinakula kidogo, na hazichomi hata mukono.

Tulifunga mbili, chini ya ubao wa nyuma, moja kila upande. Waya wake hatukuunga kwenye taa ya kurudi nyuma, maana ile inawaka tu dereva akitia gia ya kurudi. Tulivuta waya mupya toka batri. Karibu na batri tukaweka fizibu, ile inayokufa kwanza ili gari isiungue. Kisha rele, kisanduku kidogo kinachobeba umeme mukubwa ili swichi ya dereva ibebe mudogo. Pale waya ulipopita kwenye ukingo wa chuma niliuvalisha kipande cha mupira wa maji, usije ukakatwa na mutikisiko.

Kazi kubwa ilikuwa kulenga. Papa Kalunga alikuwa na desturi yake: alimuita Mama Feza, muuza mandazi wa mbele ya garaji, atembee nyuma ya gari na beseni yake kichwani, magaribi, huku mimi nashika ufunguo wa bolti. Mama Feza akikunja macho, ninashusha taa. Akikunja tena, ninashusha tena. Mama Feza alilalamika kwamba hata mume wake hakumuchunguza hivyo siku ya kumuoa.

Papa Kalunga aliniambia, "Mama Mwamini, taa ya mbele inatafuta mbali. Taa ya nyuma inaangalia chini. Muntu anayekufuata haombi kukuona. Anaomba kuona mahali pa kuweka muguu."

Siku zile ndugu yangu mudogo, Zubeda, alikuwa bado huko, upande wa Nyunzu, na sikuwa na habari yake. Shefu alijua. Hakulitaja jina lake. Alisema tu kwamba taa ni mupya na barabara ni mbaya, na waya ukikatika njiani nani ataunga. Basi niende na Papa Kabwe.

Tulimukuta Zubeda kati ya watu waliokuwa wanangoja kando ya barabara. Amekonda, lakini ni yeye. Nilimuwekea nafasi pembeni yangu. Alimutazama Muzee Ilunga, aliyekuwa amevimba muguu, akampa nafasi ile. Aliniambia yeye bado ana miguu miwili.

Jua lilipoanguka Papa Kabwe aliwasha taa. Nilikuwa nimekaa kwenye ubao wa nyuma, uso kwao. Na hapo, wajukuu zangu, niliona kitu ambacho mpaka leo nakiona nikifumba macho. Taa ziliangalia chini, kwa hiyo watu hawakuwa na nyuso. Walikuwa miguu tu, miguu mingi inaingia kwenye mwanga na kutoka, bila sauti, kwenye vumbi laini kama unga wa muhogo. Niliona kama gari haiendi, ni dunia inayovutwa polepole chini yetu kama mukeka. Zubeda nilimujua kwa ndala zake, moja ya buluu, moja ya kijani. Buluu, kijani. Buluu, kijani. Nilikuwa nazifuata kama muntu anayefuata pumzi ya mutoto aliyelala.

Halafu hazikuwepo.

Neno lilipitishwa mudomo kwa mudomo mpaka kwa dereva. Gari ikasimama, injini haikuzimwa. Mwanamuke mumoja alisema Zubeda aliinama kutengeneza ndala iliyochomoka, kitambo kidogo nyuma. Papa Kabwe aliniambia niinue taa moja, tuone mbali. Nikalegeza bolti, nikainua.

Mwanga ukaenda mpaka mwisho wa barabara, na mwisho wake alikuwa amesimama Zubeda, mudogo kama kidole. Nilimuona anatazama. Nilimuona anaangusha muzigo wake. Kisha akakimbilia majani.

Nikaelewa. Taa nyeupe machoni ni gari inayokuja. Angejuaje kwamba gari imemupa mugongo? Na wakati ule, gari ikija hukai kuuliza nani yuko ndani. Nilifungua mudomo niite, Papa Kabwe akanishika mukono. Mahali pale hapakuwa pa kuita.

Basi nikarudisha taa chini, kama ilivyokuwa, nikakaza bolti. Tukangoja. Vumbi lilishuka ndani ya mwanga polepole, kila chembe peke yake.

Muguu wa kwanza kuingia ulikuwa na ndala ya buluu. Wa pili ulikuwa mutupu.

"Yaya," alisema, maana mimi njo mukubwa wake, "kumbe ni wewe ulikuwa unanifukuza?"

Watu walicheka kwa pua, kidogo kidogo. Muzee Ilunga akasogea, na safari hii Zubeda alipanda. Tulifika Katanika, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Kalemie, asubuhi, wengi wakabaki pale kwenye mahema, yeye nikaenda naye nyumbani.

Nimepumzika kazi sasa. Macho yangu yameingia ukungu kama ya Ramazani. Vijana wa garaji wananiuliza mambo, nawaambia: kwangueni rangi, valisheni waya, lengeni chini. Wao wanapenda taa za rangi, zinacheza kama arusi. Sikatai.

Zubeda tunakaa naye mpaka leo, nyumba moja. Tukitoka magaribi kununua samaki na taa nyeupe zikatokea mbele, anasimama pembeni ya barabara, ananishika kitenge, anangoja nimuambie gari inakuja ao inaenda. Mimi nasema inaenda. Hata kama inakuja, nasema inaenda, na tunasimama pale pamoja mpaka ipite.