Abiria wa Chombo cha Pili

Nimesoma riwaya za anga za juu tangu nikiwa msichana wa sekondari, na sasa nina wajukuu. Mtu asinifundishe. Nipe sura mbili za mwanzo, nitakwambia nani atakufa, nani ni msaliti, na mashine ipi itapata akili ikaanza kumchukia aliyeitengeneza. Lazima awepo mtaalamu wa nyota anayeonya kwamba dunia inakwisha. Wakubwa humcheka, na dunia hukwisha. Lazima awepo nahodha mjane, ambaye mkewe kazi yake yote ilikuwa kufa kabla kitabu hakijaanza. Halafu ukurasa wa mwisho, kwenye sayari mpya, mtu huona mche wa kijani umechomoza, akalia. Sisi hapa Kibondo tunaona miche ya maharage ikichomoza kila msimu na hatulii. Tunalia nyani wakituwahi kuvuna.

Vitabu hivyo navipata Kasulu ninapokwenda kuchukua vitenge vya duka langu. Sokoni kuna Mkongo mmoja anayeuza vitabu vilivyoachwa na Wazungu wa mashirika, wale wanaokuja kuhudumia kambi, na mkataba ukiisha huacha kila kitu isipokuwa simu. Nilicheka sana nilipogundua walichokuwa wakisoma. Mchana kutwa wanapanga wakimbizi foleni, jioni wanajifungia kusoma habari za watu waliokimbia sayari yao wakapangwa foleni. Mkimbizi wa anga inaelekea anavutia zaidi, maana haombi sabuni.

Safari moja Mkongo alinishikisha kitabu kinene, jaladani kuna chombo kinachofanana na sufuria iliyofunikwa.

"Hii utabeba, mama. Iko muzuri sana. Mwisho yake hautajua."

"Nitaujua kabla sijafika Kibondo."

"Ukijua, rudisha. Nitakupa ingine."

Siku hizi njiani kuna lami, mtu anasoma bila herufi kumrukia. Sikuwa nimefika mbali nilipojua nahodha atamwoa yule yule daktari anayegombana naye. Ningekirudisha kwa raha zangu, ila Mama alikuwa na shida ya kusomewa.

Mama naishi naye. Macho yake yameingia ukungu, Biblia ya Kirundi anaijua kwa moyo, na redio anasema imejaa vijana wanaobishana kuhusu mpira. Kwa hiyo kila alasiri, duka nikimwachia mkwe wangu, tulikaa barazani. Yeye alichambua maharage kwa kupapasa, mimi nilisoma Kiingereza kimoyomoyo na kumsimulia kwa Kirundi chetu, ambacho baada ya miaka yote hii kimekuwa nusu Kiha cha wenyeji wa huku.

Kitabu kilianza kwa kusema kwamba katika siku zijazo watu waliihama dunia. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Katika lugha yetu jana ni ejo, na kesho pia ni ejo. Kitenzi ndicho hukwambia unaelekea upande gani. Na waandishi hawa wanaojisifu kuona mbele, vitenzi vyao vyote ni vya mambo yaliyokwisha. Nikasema ejo, nikasema waliondoka, nikasema walipakiwa. Mama akasikia jana.

"Ndiyo," akasema, akitupa kijiwe uani. "Tulipakiwa."

Nilitaka kumsahihisha, nikaona uvivu. Baadaye ikaanza kunifurahisha. Kila kioja alichokiwaza mwandishi, Mama alikipokea kama habari za jirani. Abiria walipewa namba, majina yakaachwa. "Kawaida," akasema. Wakalishwa unga wa njano wenye virutubisho vyote. "Ule usipouchemsha sana unachacha tumboni." Wakaambiwa safari ni ya muda mfupi tu, wajukuu wao wakazaliwa mle mle ndani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwaza mwandishi mwenyewe, yuko kwake huko na kikombe cha kahawa, pengine ya kwetu, anajipongeza kwa kubuni mambo ambayo bibi mmoja wa Kibondo aliyaishi akayaona ya kawaida.

Kisha tukafika mahali ambapo vyombo vilikuwa viwili. Mlangoni dada wawili wakatenganishwa: mkubwa akaingizwa cha kwanza, mdogo akasukumiwa cha pili. Wakaambiwa watakutana wakishuka. Nilipasoma harakaharaka, maana huo ni ujanja wa zamani wa kumkamua msomaji machozi, nimekutana nao mara nyingi. Nilipoinua macho, mikono ya Mama ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Habari ya malori naijua tangu utotoni. Watu wetu walipoikimbia nchi yao na kuvuka mpaka, upande wa Munanila, yalikuja malori mawili. Mama alipanda la kwanza, mimi nikiwa mgongoni kwake. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, hakupata nafasi, akapandishwa la pili. Karani akawaambia la pili linafuata nyuma. Mpaka leo hatujui lilifuata nini. Tumepata uraia, tumepata shamba Murungu, tumepata duka, yeye hatujampata.

"Cha pili kilishukia wapi?" Mama akauliza.

"Bado, Mawe," nikamjibu, kwa neno letu la Kirundi la kumwita mama. "Tutafika."

Kuanzia hapo hakuuliza kingine. Mashine ilipata akili ikaua watu, yeye akauliza cha pili. Nahodha akamwoa daktari, yeye akauliza cha pili. Nami, bingwa wa kubashiri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuwa na jibu. Nikaruka kurasa, nikaenda mwishoni. Mche ulikuwepo, kilio kilikuwepo. Chombo cha pili hakikuwepo. Nikarudi nyuma kutafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna hata mstari. Mwandishi alikuwa amekisahau.

Nilikasirika, nikakitupa kile kitabu kitandani. Unamnyang'anya mtu ndugu yake ili upate machozi ya sura moja, halafu unakwenda zako harusini! Hata karani wa yale malori alikuwa na adabu ya kudanganya.

Siku ya kumaliza, nilisoma mambo ya sayari mpya huku Mama akisinzia. Mche ukachomoza, bado anasinzia. Nilipofunga kitabu tu, akafumbua macho.

"Na cha pili?"

Nikakifungua tena, kwenye ile karatasi nyeupe ya nyuma isiyo na neno. Nikakohoa.

"Kilichelewa," nikasema. "Kiliharibika njiani, wakakaa mahali wakakitengeneza. Kilipotua, mlango ukafunguliwa, na yule mdogo mtu akashuka. Alikuwa mtu mzima sasa, ana watoto, ana wajukuu. Akaulizia nyumba hadi nyumba. Akamkuta dada yake amekaa barazani, anachambua maharage. Ungo ukapinduka, maharage yote yakamwagika."

Maharage, huko angani. Nimesoma miisho mingi ya kijinga maishani, na huu niliotunga mwenyewe uliipita yote. Ungekuwa wa mtu mwingine, ningemcheka kuanzia Kasulu hadi nyumbani. Nikainamisha kichwa kama ninayetafuta mstari.

Mama akajifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Nilijua utasema hivyo," akasema. "Tangu ulipokohoa."

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaushika.

"Subiramwo, mwana wanje. Rudia, mwanangu. Anza pale mlango unapofunguliwa. Usikimbize."