Bafle chini ya kiti ya tata

Leo nimelia mbele ya ordinatere, kompyuta yetu ya nyumba. Musinicheke.

Tata, baba yangu, alitoboaka majiwe chini ya mine, kule mu mugodi, miaka mingi, mashini ikamuharibia masikio. Mama alishakufa. Sauti yake ilibakia mu ordinatere ya nyumba: wimbo ya korali, kwaya yabo, yenye balikuwa banaimba babiri. Mama anaanza, tata anaingia na besi, ile sauti nzito.

Ile sauti ya mu ordinatere, tata hajaisikia hata siku moya.

Njo leo asubuhi nikafungula ordinatere, nikatia karte mupya ya sauti, nikaunganisha bafle, spika mukubwa. Nikapiga wimbo. Madirisha ikatetemeka. Mama jirani akatoka na mwiko mu mukono: "Leo kuko ndoa kwenu?"

Na tata? "Sisikie kitu, mwana."

Roho ikaniuma sana. Nikaanza kufungula bitu byote nibiondoe.

Pale tata akatia mukono juu ya bafle, akaniangalia.

"Chini kule, mashini tulikuwa tunaisikia na mikono. Jiwe ikitaka kupasuka, mikono njo inajua mbele. Weka hii kitu chini ya kiti yangu."

Ni mi mwenye nilisoma informatike, masomo ya ordinatere, ee!

Nikakamata turnevisi, ile bisibisi, nikafunga bafle chini ya ile kiti ya mbao. Nikarudisha wimbo.

Tata akafunga macho, mikono juu ya mbao. Mama akaimba, akamaliza kipande yake.

Tata akaingia na besi. Palepale. Bila kukosa.

Bandugu, mulishaonaka kitu kama hii? Muniandikie.

Mi niko mu lupango, hapa inje ya nyumba. Ndani tata anarudisha wimbo yeye mwenyewe, na kila mara anangojea mama amalize.