Mtani Pekee Msibani

Nafundisha sekondari nje kidogo ya Isikizya, na marafiki zangu waandishi wa Dar es Salaam bado huniuliza narudi lini. Mwaka jana nusura nirudi. Mwalimu mmoja wa Kibaha, mzaliwa wa huku Uyui, alitaka tubadilishane vituo: yeye aje kwao, mimi nirudi kwetu Pwani. Lilibaki neno langu tu.

Kila asubuhi nililibeba neno hilo kwenye baiskeli, katikati ya miombo iliyokuwa ikitoa majani mekundu kabla ya kijani, nikipita watu waliokuwa wakipandikiza tumbaku. Nilipapenda. Ila mgeni naye hupenda mahali, kisha akapanda basi.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mjane, Mnyamwezi. Siku ya kwanza nilipomwamkia aliuliza kabila langu. Kusikia Mzaramo, akaweka ungo chini.

“Mtani wangu! Babu zetu walitembea miezi na pembe za ndovu begani mpaka kwenu, mkawapokea kwa maji ya nazi. Umekuja kuomba radhi?”

“Nimekuja kuchukua pembe zilizobaki, bibi.”

Tangu hapo shikamoo yangu haikuitikiwa bila tusi. Akiniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, husema ng’ombe wameikataa.

Alifariki wiki ile ile niliyotakiwa kujibu Kibaha. Binti yake, mama mtu mzima aliyeishi naye, alikaa ameegemea ukuta, macho makavu, hali, hasemi. Jirani mmoja akaniinamia.

“Mwalimu, mtani hapa ni wewe tu. Atazikwa kimya hivi, kama mpita njia?”

Kwetu nimewaona watani wakifanya vituko misibani, lakini ni watu wazima wenye ulimi. Mimi ulimi wangu uko kwenye karatasi. Jeneza lilipoinuliwa nikajikuta nimelala kizingitini.

“Hatoki! Hajamaliza kunitukana huyu. Mnampeleka wapi?”

Kwaya ya Wamoraviani ikakatika katikati ya ubeti. Nilitamani ardhi inimeze kabla yake. Ndipo binti akainuka na ufagio.

“Toka hapo, mla nazi! Mama alisema wewe mvivu. Hata msibani unalala?”

“Nipeni kuku kwanza!”

“Kuku? Hata yai hupati!” Akanichapa mgongoni, akacheka, watu wote wakacheka, na katikati ya kicheko chake kilio kikatoka, kile kilichokuwa kimemkwama tangu jana. Wanawake wakampokea. Nikajivuta pembeni, jeneza likapita.

Baada ya mazishi binti alinitengea ugali.

“Nasikia unaondoka.”

“Nani kasema?”

“Hapa kijijini mtu huuliza nani kasema?” Akamega tonge. “Nenda, mtani. Ila siku yangu mimi, mlangoni atalala nani?”

Jioni nilimpigia simu mwalimu wa Kibaha, nikamwambia nabaki. Nilijua anachokosa: ardhi ya kwao, nami nilikuwa nimekaa juu yake.

“Mzaramo wewe,” akasema, “umeninyang’anya kwetu.” Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza kama mvua zimeshika.

Nikamwambia zimeshika, na karanga zimeanza kuchipua.