Biskuti za Mchinja Nguruwe

Kwa miaka arobaini na mitatu Engelbert Stadlbauer alichinja nguruwe nyumba kwa nyumba katika vilima vyetu vya kaskazini ya mto Danube, na alikuwa akijigamba kwamba hakuna nguruwe aliyewahi kurudi kumlalamikia. Mikono yake ilikuwa kama makoleo. Shingo hakuwa nayo. Alipostaafu alijipangia kazi moja tu: kila siku saa nane mchana alivaa kofia, akateremka hadi baa ya mama Traudl, akaketi kwenye meza iliyo karibu na jiko la kuni, akacheza karata na wenzake wawili, Korbinian mchimba makaburi na Ferdl aliyekuwa tarishi, mpaka tumbo limwambie kuwa chakula cha jioni kiko tayari. Mimi nilipanga ghorofa ya juu ya nyumba yake miaka kumi na mmoja, na saa yangu ya ukutani nilikuwa nairekebisha kwa kusikia mlango wake unavyofungwa.

Mkewe, Roswitha, alijulikana kwa jambo moja: biskuti za lozi, zile tunazoziita macho ya Linz, kwa jina la mji ulio karibu nasi. Vipande viwili vya duara, cha juu kina tundu, katikati jamu nyekundu inakuchungulia kama jicho la mlevi. Kila Majilio, yale majuma manne kabla ya Noeli, alioka mia nne. Nusu zilikwenda kwenye mnada wa parokia, Jumapili ya pili, kuchangia paa la kanisa, ambalo lilianza kuvuja kabla padri wetu wa sasa hajazaliwa. Zilizobaki waligawiwa ndugu, majirani, na mimi niliyepewa kisahani kila mwaka nikaambiwa nisile zote siku moja. Nilikula zote siku moja.

Mwaka ninaousimulia, wiki ya mwisho ya Novemba, Roswitha aliteleza kwenye barafu ya ngazi za stoo akiwa na chupa ya jamu mkononi. Chupa aliiokoa. Mkono wa kulia ulivunjika kifundoni, akafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Engelbert alimwambia mwaka huu basi, watu watakula mkate. Pengine ingeishia hapo, kama Bi Gerlinde, kiongozi wa kwaya, asingekuja kutoa pole. Alikaa nusu saa, akasifu plasta, kisha akasema kwa sauti ya huruma kwamba Rosi asijisumbue, macho ya mwaka huu atayaoka yeye.

Alipoondoka, Roswitha alimgeukia mumewe.

“Gerlinde anatumia majarini,” akasema.

Katika nyumba ile hilo lilikuwa neno la kusemewa nje. Engelbert, aliyekuwa ameshashika kofia yake, akajua mambo yameharibika. Mkewe alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

“Wewe umetoa matumbo ya nguruwe maisha yako yote bila kutoboa utumbo hata mmoja. Biskuti itakushinda?”

Basi akavua kofia.

Siku ya kwanza ilikuwa maafa. Roswitha aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wake mweupe juu ya mto, akitoa amri kama jenerali aliyejeruhiwa. Unga wa ngano, siagi ya baridi, lozi zilizosagwa, sukari ya unga, viini vya mayai, mdalasini, ganda la limau. Kupima Engelbert alipima sawasawa, maana mizani anaijua. Taabu ilianza kwenye kukanda. Mikono yake ilikuwa ya moto kama pasi. Siagi iliyeyuka, unga ukamnata mpaka kwenye viwiko, na matusi aliyotoa yalipanda kwangu juu bila kubisha hodi. Roswitha akamwamuru atoke nje akapoze mikono kwenye theluji. Akatoka, akapiga magoti kando ya uzio, akaizamisha mikono yote miwili na kuinamisha kichwa, kwa sababu upepo ulikuwa unamchoma uso.

Jirani wa ng'ambo alimwona. Tangu ubatizo wake hakuna aliyewahi kumwona Stadlbauer akipiga magoti, na kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika kwa padri. Kesho yake asubuhi padri akaja, amevaa uso wa msiba, akauliza kama kuna jambo linaloielemea roho ya Engelbert, labda angependa kuungama. Engelbert alisema ndiyo, kuna trei mbili zimeungua. Padri akapewa kiti, akaonjeshwa zile ambazo hazikuungua sana. Alikula tisa, akasema Mungu ni mwenye subira, akaenda zake.

Biskuti zile za kwanza zilikuwa nene kama soli za buti. Roswitha aligonga moja mezani, ikaitika. Lakini mtu aliyezoea kutenganisha ngozi na mafuta ana jicho la unene, na mara alipoelezwa kwamba unga usukumwe mpaka uwe mwembamba kama ngozi ya nguruwe mchanga, alielewa papo hapo. Maneno ya jikoni hayakumwingia. Ya machinjioni yalimwingia. Duara alizikata kwa glasi ya pombe kali. Kwa tundu la katikati, kile kikatio kidogo cha mkewe kilikuwa kikipotea ndani ya vidole vyake, kwa hiyo akaenda bandani, akarudi na mrija wa kujazia soseji uliochemshwa mara tatu. Ulitoboa tundu safi kuliko kikatio chochote. Nilikuwapo, nilikuwa nimeshuka kuazima chumvi ambayo sikuihitaji, nikaona mdomo wa Roswitha unavyopinda kuzuia tabasamu.

Baani walimkosa siku moja, mbili, siku ya tatu wakaja kumtafuta. Walimkuta na unga kwenye nyusi. Ferdl alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. Korbinian, ambaye kazi yake imemfundisha kutocheka, aliuliza tu:

“Bertl, hebu tuambie. Hizi lozi zilipiga kelele ulipozichinja?”

Kesho yake walimletea zawadi: aproni ya rangi ya waridi yenye marinda, ya marehemu mama yake Ferdl. Walidhani ataitupa motoni. Aliivaa. Kamba hazikufika mgongoni, akaziunga kwa uzi wa kufungia soseji, na ndani ya aproni hiyo akaenda mpaka dukani kununua siagi zaidi, akimsalimia kila mtu kwa jina.

Siku ya nne mchana, mia tatu na kitu zikiwa zimejipanga kwenye trei, alikuwa akipaka jamu na Roswitha akinyunyiza sukari kwa mkono wa kushoto. Engelbert akasema, bila kuinua kichwa, kwamba sasa anamheshimu. Kazi hii bila mapenzi mtu haiwezi miaka thelathini na minane.

“Mapenzi ya nani?” akauliza Roswitha.

“Yako. Si unapenda kuoka.”

“Nani alikwambia?”

Kijiko cha jamu kikasimama hewani.

Roswitha akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa. Noeli ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe alimwekea karatasi ya maelezo mapajani akasema Bertl bila macho ya Linz haioni Noeli. Tangu hapo ameoka. Kila mwaka sukari nyweleni, mgongo unauma, harufu ya siagi mpaka kwenye foronya. Hajawahi kupenda hata moja.

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unakula.”

“Nilikuwa nakula kwa sababu ulikuwa unaoka, Rosi. Mimi napenda soseji.”

Roswitha alianza kucheka, akacheka mpaka plasta ikagonga meza na sukari ikaruka kama tufani. Kisha kicheko kikakatika. Engelbert hajui kubembeleza. Aliweka kijiko chini, akafuta vidole kwenye marinda, akauliza angependa kufanya nini badala yake, miaka yote hiyo.

“Karata,” akasema. “Baba yangu alinifundisha nikiwa na miaka saba. Wewe saa nane unatoka, mimi nabaki na unga. Hujawahi kuniuliza kama najua.”

Ilikuwa kweli.

Jumapili ya mnada, macho ya Linz yaliisha kabla watu hawajamaliza kutoka kanisani. Bi Gerlinde alionja moja mbele ya wanakwaya wote, akafumba macho, akasema hakika Rosi hajawahi kuoka vizuri hivi, hata kwa mkono mmoja. Roswitha akamjibu kwa sauti ya kufika mimbarini kwamba yeye hakugusa kitu ila sukari. Zimeokwa na Bertl, na matundu ametoboa kwa mrija wa soseji. Bi Gerlinde aliiweka chini nusu iliyobaki. Akaitazama. Akaichukua tena akaimaliza.

Jumatatu saa nane mchana nilisikia mlango, nikachungulia. Aliyetoka na kofia alikuwa Roswitha. Kwapani alikuwa na kipande cha mti ambacho Engelbert alikikata ufa kwa msumeno, wa kusimamishia karata maana mkono mmoja hautoshi. Habari za huko alinipa mama Traudl mwenyewe. Ferdl alidai meza ile ni ya wanaume tangu enzi za Kaisari. Mama Traudl akamwambia Kaisari amekufa na meza ni yake yeye, na kama Ferdl anataka kusimama, mlango uko pale. Hakusimama. Walimkaribisha Roswitha kwa upole, kama mgonjwa, na kufika saa kumi upole umewaishia wote. Korbinian alifungwa mara tano mfululizo. Alisema amezika watu waliokuwa na bahati kuliko yeye.

Engelbert siku hiyo alibaki nyumbani. Nilimkuta jikoni peke yake na aproni yake, anaoka mia nyingine ambazo hakuna aliyeziagiza. Alijitetea kwamba lozi zilibaki, zingeota wadudu. Kisha akanionyesha donge la unga kwenye kiganja, jinsi lilivyotulia, halimnati tena, akasema polepole kwamba mtu hukanda tu, hakuna anayelia.

Januari plasta ilitolewa. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Roswitha anabeba ndoo za mkaa kwa mkono huohuo, anapasua kuni, na anapotupa karata ya ushindi anaipiga mezani mpaka glasi zinaruka. Jikoni tu ndiko unakomuuma.