Uwele Niliouamsha Kabla ya Mvua

Mimi nina hasira za karibu. Pale masijala ninapofanya kazi, Dodoma mjini, wananijua. Ukija kuulizia faili lako mara mbili kwa siku moja, shauri yako. Mama yangu ni kinyume changu kabisa. Yeye huimba, halafu hucheka kwa sababu ameimba vibaya.

Msimu uliopita nilichukua likizo nikaenda kumsaidia kupanda, kijijini kwetu, njia ya kwenda Mtera. Mwaka wa nyuma hatukuvuna kitu. Mbegu za uwele alizokuwa nazo kwenye kibuyu ndizo zilizokuwa za mwisho, na tulishakubaliana kwamba zisipoota anafunga nyumba, namhamishia kwangu mjini, Area D, akae ndani ya geti. Kwa mama, kukaa ndani ya geti ni kifungo. Alikubali huku anatabasamu, nikachukia zaidi.

Sasa kwetu Ugogo watu hupanda kabla ya mvua. Unachimba vumbi, unatia mbegu, unafukia kwa vumbi, unaenda zako. Mbegu inalala humo ikisubiri. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu la kusingizia, na mama yuko mbele yangu anaimba pambio na kuyumba kama yuko harusini.

"Mama, hiyo mvua yenyewe iko wapi?"

"Iko kwa Mwenyewe. Wewe chimba."

Tulipomaliza, akaenda kijiji cha pili kwenye semina ya akina mama wa kanisani, siku tano. Nikabaki nalitazama lile shamba, si kubwa, liko nyuma ya nyumba, kavu kabisa. Roho ikaniuma. Nikasema huyu mama atarudi akute vumbi lile lile, atavunjika moyo. Nikamtafuta mwenye mkokoteni wa punda, akaniletea maji. Nilimwagilia shimo baada ya shimo, kopo kwa kopo, siku mbili nzima, mgongo ukakataa kunyooka. Na uwele ukaota! Jamani, nilijisikia mtume.

Mama aliporudi nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba. "Haya, ona!"

Wimbo ukakatika katikati. Akainama, akagusa jani moja.

"Umemwagilia?"

"Ndiyo."

"Kesho utamwagilia na nini?"

Nikageukia njia ya kisimani. Kisima cha kijiji kilikuwa kimeshuka, na mwenye punda alishaniambia maji yaliyobaki ni ya watu. Mama akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mbegu kwenye vumbi kavu inaweza kusubiri, lakini ukishaiamsha haiwezi kulala tena. Mimi mtoto wa Kigogo, nimezaliwa humo humo, nilikuwa nimesahau. Kufikia Jumamosi shamba lote lilikuwa limekauka. Nililia kwa sauti. Mama akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, muda wa ushuhuda, akasimama. Nikaomba ardhi inimeze.

"Namshukuru Mungu," akasema, "amenipa mtoto mwenye huruma. Akili tutamwombea."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mzee wa kanisa alifuta machozi kwa kitambaa cha kufunikia sadaka. Ila tulipotoka nje wale wale waliocheka wakaja nyumbani, huyu na mbegu kwenye kikombe, yule kwenye pindo la khanga. Kila aliyenipa alinipa na maneno yake. "Shika, dada wa mjini, usizinyweshe chai." Nikawaamkia wakubwa wote shikamoo, nikapokea kwa mikono miwili, nikapanda upya kwenye vumbi, mimi na hasira zangu, mama akiniimbia.

Likizo ikaisha. Nikarudi kazini. Wiki zikapita, mbingu nyeupe pee, nikaanza kumwandalia mama chumba.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kikao, mkuu wetu anasoma taarifa, simu yangu ikaita. Mama. Nikatoka mbio. Sikusikia neno, nilisikia bati linapigwa, mvua kubwa, ile ya kutoboa. Mama hakuimba wala hakucheka. Alikuwa analia.

"Mama? Kuna nini?"

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilikuwa naogopa sana."

Nikaegemea ukuta wa korido. "Sasa mbona siku zote ulikuwa unaimba?"

"Ulitaka ninune?" akasema, akavuta kamasi. "Namnunia nani? Ningenuna ningebaki peke yangu na hiyo hofu. Nikiimba, nilikuwa na Mwenyewe."

Nami nikaanza kulia, simu sikioni. Mkuu akafungua mlango kuniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, bosi, tunalia tu.